Siagi Aliyoitangaza Dada Kijiko

Pale supamaketi walimwita Dada Kijiko, na hata mlinzi wa mlangoni hakujua kama ana jina jingine. Kazi yake ilikuwa kusimama kando ya jokofu la maziwa na trei mkononi, akiwaonjesha wateja vitu vya kampuni moja ya maziwa: mara mtindi, mara jibini, na siku nyingi siagi iliyopakwa kwenye vipande vidogo vya mkate. Alikuwa na mdomo mtamu. Mtu alikuja kununua sabuni akaondoka na siagi, na sabuni yenyewe akaisahau.

Kampuni ilipotoa siagi mpya, kwenye kopo lenye moyo mwekundu na maneno “Nyepesi kwa moyo wako”, walimpiga picha yeye. Bango likatundikwa juu ya jokofu: Dada Kijiko, meno yote nje.

Aliyefurahi kuliko wote ni baba yake, fundi cherehani aliyekwisha kustaafu, aliyekuwa akiishi naye katika vyumba viwili nyuma ya duka la mbao. Mzee alivaa koti, akaenda kusimama chini ya lile bango, akawa anamshika mkono kila anayepita. “Unamwona huyu? Wa kwangu huyu. Na hayo meno ni ya marehemu mama yake.” Akarudi na siagi kwapani. Tangu siku hiyo mkate ukawa kisingizio tu. Chakula chenyewe kilikuwa siagi.

Kisha kifua kikaanza kumbana Mzee. Siku walipokwenda kliniki, alisimama katikati ya ngazi akijifanya anatazama watu, kumbe anatafuta pumzi. Daktari, mama mmoja asiye na maneno mengi, alisoma vipimo akavua miwani.

“Mzee, mafuta kwenye damu yamezidi. Dawa umeze kila siku. Na siagi uache.”

“Ninayokula mimi ni ya moyo, daktari,” Mzee akamjibu kwa upole. “Imeandikwa. Na anayeitangaza ndiye huyu hapa.”

Daktari akamgeukia Dada Kijiko. Ulimi uliokuwa ukiuza jokofu zima ukauliza tu dawa zinanunuliwa wapi.

Walipofika nyumbani alichukua kopo, akalisogeza dirishani na kusoma yale maandishi madogo ya nyuma.

“Baba, wanasema ni nyepesi kuliko ile siagi yao nyingine. Basi. Bado ni siagi.”

“Si wewe uliyesema ni nzuri?”

“Nilisema nilichoambiwa niseme.”

“Basi waliokuambia wanajua. Kampuni nzima ile ikose msomi hata mmoja?”

Kama vile hayo hayatoshi, redioni akatokea daktari mwingine akisema mafuta ya maziwa yamesingiziwa mengi. Mzee akaongeza sauti mpaka jirani akagonga ukuta. “Umesikia? Na huyu naye ni daktari!” Dada Kijiko akaipunguza sauti ya redio. Yeye mwenyewe hakujua amwamini nani. Alichokijua ni namna baba yake alivyohema pale kwenye ngazi.

Akaficha kopo nyuma ya unga, Mzee akaliona. Akaacha kununua, Mzee akajiendea mwenyewe, na keshia akamwongezea kopo la bure kwa kuwa ni baba wa mtu wa bango.

Mwishowe akamfuata yule kijana wa kampuni aliyekuwa akileta mizigo. “Kaka, naomba mniondoe kwenye lile bango. Baba yangu anaumwa moyo, na haniamini mimi, anaamini picha.”

“Pole sana, dada. Lakini sisi hatujasema inatibu. Tumesema nyepesi.” Akaitazama simu yake. “Mwambie ale kwa kiasi. Bango tunalipeleka hata kwenye matawi mengine.”

Akarudi kwenye trei yake. Mama mmoja akaonja, akauliza, “Hii itamfaa mume wangu? Naye ana shida ya moyo.”

“Muulize daktari wake, mama,” Dada Kijiko akanong’ona.

Yule mama akatazama bango, akamtazama yeye, akacheka. “Wewe naye kwa utani!” Akatia kopo kwenye kikapu.

Asubuhi moja Mzee alianguka akifunga vifungo vya shati. Majirani wakambeba hadi hospitali. Hakufa, lakini aliyerudi nyumbani hakuwa yule wa koti na majigambo. Miguu ilimlegea, sauti ikashuka. Siagi hakuitaja tena. Sasa aliogopa kila kitu: yai, maharage, hata chai ya rangi.

“Hii je, mwanangu?” huuliza kila sahani inapowekwa mbele yake. “Hii naruhusiwa?”

Na Dada Kijiko, anayerudi kila jioni na harufu ya mtindi kwenye aproni, humwambia, “Kula kidogo, baba,” bila kujua hicho kidogo kinaishia wapi. Mzee humtazama usoni, kisha hula.