Jino Lililorushwa Juu ya Paa la Jiko

Mtanisamehe mwandiko. Niliishia darasa la saba, herufi zangu hulala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na pengine r na l nimezibadilisha bila kujua. Naandika polepole. Lakini mdogo wangu amenisumbua sana niandike habari ya jino lake, maana nikiambiwa nisimulie mbele ya watu huwa naangalia vidole vya miguu.

Ilikuwa asubuhi hapa kwetu Gorong'a, wakati wa kukamua. Baba alikuwa amelala Sirari kwa shangazi, hivyo nyumbani tulikuwa wanne: mama, bibi, mimi, na huyo mdogo wangu wa kike wa miaka minane. Mama alikuwa anakamua. Mdogo wangu ameshika kamba ya ndama asije akanyonya kabla ya zamu yake. Ndama akaruka. Mtoto ameambiwa mara nyingi asiachie kamba, basi hakuiachia, akavutwa hadi mdomo ukagonga nguzo ya zizi.

Mimi nilikuwa nafagia. Nilipofika alikuwa amekaa chini, damu kidevuni, na mkononi ana jino zima na mzizi wake. Hakulia. Alisimama, akaenda nyuma ya jiko, akalirusha juu ya paa la nyasi na kuomba jipya, kama wanavyofanya watoto. Meno yake ya utoto yaliyong'oka yote yalikwenda huko, na kila moja alilipwa jipya. Akarudi anatabasamu, pengo wazi.

"Litaota kabla ya Krismasi," akaniambia.

Mama alikuwa anamfuta damu kwa kanga. Mimi nilisimama na ufagio wangu. Lile lilikuwa jino la mbele, la juu, lililoota mwaka jana tu. Ndilo lilikuwa jipya lenyewe. Halikuwa na jingine nyuma yake.

Nilipokuwa darasa la tano alikuja muuguzi shuleni na sanamu ya mdomo. Alituambia jino la ukubwa likitoka zima lisisuguliwe, liwekwe kwenye maziwa, na mtoto akimbizwe kwa daktari wa meno ndani ya saa moja ikiwezekana, kwa sababu linaweza kurudishwa likashika. Kisha akauliza nani anaweza kurudia aliyoyasema. Mimi niliweza. Sikunyoosha mkono, akajibu mwingine, akakosea.

Nikamwambia mama. Akasema sema nisikie. Nikarudia, naye akainuka na ndoo yake ya maziwa, tukalitazama paa.

Kwetu mwanamke hapandi juu ya nyumba. Hakuna anayekufundisha, unajua tu. Mama akaanza kutafuta mwanamume wa kumwita, lakini kijana wa jirani alishatoka na ng'ombe, na saa yetu ilikuwa inakwenda. Ndipo bibi akatoka ndani. Bibi aliolewa huku kutoka kwa Wajaluo, na usichanani mwake aliondolewa meno sita ya chini, ndiyo ilikuwa desturi yao. Alisikiliza yote, akamshika mtoto kidevu.

"Mimi sita, na hakuna aliyenirudishia hata moja," akasema. Kisha akanigeukia mimi, akaniita nyakwara, yaani mjukuu wangu kwa lugha ya kwao. "Panda, nyakwara. Atakayeuliza, mwambieni nimemtuma mimi."

Nikapanda. Bibi alishika ngazi, mdogo wangu akawa anaelekeza: kushoto, juu zaidi, hapana, nilirusha kwa nguvu kuliko hapo. Bibi akamuuliza kama alikuwa anarusha jino au anafukuza ndege shambani. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na madumu ya maji wakasimama. Mmoja akataka kujua kama natafuta mchumba, nimwone kutoka mbali kabla hajaniona yeye. Bibi akamjibu kwamba natafuta jino, na kama yeye ana macho mazuri, ngazi ile pale. Nilicheka hadi nyasi zikatikisika, na kitu cheupe kikateleza karibu na kiganja changu.

Nililishika upande wa kung'atia, sikugusa mzizi. Mama akamimina maziwa kwenye kikombe chenye mfuniko, bado yana joto la ng'ombe. Kwanza nikalimwagia kidogo, vipande vya nyasi vikaondoka, kisha nikalitumbukiza.

Zikaja bodaboda mbili. Mama akapanda moja, sisi tukakaa mshikaki kwenye nyingine, mtoto katikati, mimi nyuma na kikombe kifuani. Dereva akaniuliza nimebeba nini. Nikamwambia jino. Akakwepa kila shimo hadi Nyamongo kana kwamba amepakia mayai.

Daktari wa meno wa huko alifungua kikombe, akauliza nani aliyejua kuliweka kwenye maziwa. Mama akaninyooshea kidole. Nikaangalia vidole vya miguu. Mdogo wangu, mdomo umejaa pamba, akanipiga kiwiko.

"Ni mimi," nikasema. "Na mzizi sikuugusa."

Akalirudisha mahali pake, akalifunga na wenzake kwa waya mwembamba. Alitueleza bila kuficha kwamba linaweza kushika au likakataa, tungoje. Tulingoja. Mtoto alikunywa uji mpaka akauchukia, na kila siku alinifungulia mdomo nimwambie kama linacheza.

Waya ulitolewa, jino likabaki. Juzi daktari amelipima tena, akamruhusu hindi la kuchoma. Alilila mbele ya bibi kwa makusudi, punje kwa punje, na bibi akasema huyu mtoto ana dharau, kisha akaomba nusu.

Ndama naye amekua. Kamba bado anashika yuleyule, ila sasa anasimama mbali na nguzo.

Nimemaliza karatasi. Kama na kwenu mtoto aliwahi kutupa jino lisilostahili kutupwa, niandikieni lilipatikana wapi na nani alipanda kulifuata. Hata mistari miwili inatosha. Mdogo wangu atanisomea kwa sauti, maana sasa anapenda sana watu wamwone akifungua mdomo.