Mche wa Gizani

Sayansi aliyosoma fundi cherehani ilikaa ubaoni tu. Mwalimu anaandika, nyinyi mnanakili, kesho mnaimba kwa pamoja. Ukikosea, fimbo. Kwa hiyo binti yake, aliyebandikwa jina la Kasuku kwa kutojua kunyamaza, alipoingia na boksi la viatu lenye kopo lililopandwa harage ndani, mama hakuelewa vizuri.

"Kopo la pili liko dirishani darasani, hili ni la gizani," Kasuku alisema. "Halifunguliwi mpaka siku ya kuwaonyesha wazazi. Unasikia, mama? Hata kuchungulia!"

"Nimesikia, bosi wangu."

Siku hiyo ilipokaribia, mama alikuwa akitafuta pa kuweka sare za wateja. Akalisogeza boksi, kifuniko kikateleza. Mche ulikuwa mrefu, mwembamba, wa manjano kama mgonjwa, umelalia ukingo wa kopo. Roho ikamuuma. Akamwona mwanawe mbele ya darasa na kitu kile mkononi, wenzake wakimcheka.

Basi siku mbili mfululizo, Kasuku akishaondoka tu, mama alilitoa kopo na kuliweka juani, kando ya cherehani. Mtoto akikaribia kurudi, analirudisha. Majani yalipogeuka kijani, alitabasamu peke yake huku akipinda suruali ya mtu.

Siku ya maonyesho wazazi walikalishwa nyuma, kwenye viti vya watoto, magoti yakiwafika kidevuni. Boksi la kwanza likafunguliwa: mche wa manjano, umelala. La pili, vilevile. Na kila mtoto akapigiwa makofi!

Mama akaacha kupiga makofi.

Kasuku akafungua lake. Kijani kibichi.

"Kachungulia huyo!"

"Kasuku mwongo!"

"Sijafungua! Haki ya Mungu, mwalimu, sijafungua!"

Mwalimu, kijana mpole, hakukemea. "Andika unachokiona. Halafu tutajiuliza imekuwaje."

Kasuku akashika chaki. Akaanza kuandika kwamba harage lake halihitaji mwanga. Angefanya nini? Aliyaamini macho yake, na aliwaamini watu wa nyumbani kwake.

Uso wa mama ulikuwa unawaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ni mimi, mwalimu. Niliutoa nje. Nilidhani... nilidhani umeharibika."

Wazazi wakaangua kicheko. Mwalimu akangoja kitulie.

"Asante, mama. Mche ulikaa juani siku ngapi?"

"Mbili."

"Kasuku, futa hilo. Andika alichosema mama."

"Kumbe unapona!" mtoto mmoja akapaza sauti, na wote wakalizunguka kopo. Mama akabaki amesimama, hajui aweke wapi mikono.

Njiani Kasuku alinyamaza, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Walipokaribia mlango ndipo aliposema, bila kumtazama:

"Kumbe mama uliona nimeshindwa."

Mama akarekebisha mkoba begani, ingawa ulikuwa umekaa sawasawa.

Jioni ile Kasuku alipanda harage jingine. Akachukua uzi mweusi wa cherehani, akalizungushia boksi mpaka likafanana na mgonjwa aliyefungwa bandeji.

"Weka kidole hapo, mama, nikaze fundo."

Mama akaweka. Uzi ukambana. Hakukitoa mpaka alipoambiwa.