Kikapu cha Petronila

Neno kempi hapa Karatu lina ukoo mkubwa. Kwa madereva wa watalii, kempi ni mahema ya wageni. Kwa vijana wa kanisa kule Rhotia, ni wiki ya kuimba na kula wali. Kwa Petronila, aliyeletwa na mumewe kutoka Singida angali binti, kempi ni safu ya vyumba vya vibarua kwenye shamba la kahawa, Ganako. Humo alimzaa Evarista, humo alifiwa na mume, na kwingine hana kwake.

Shamba lile lina desturi ambayo hata tajiri mpya aliahidi kuiheshimu: mwenye kikapu cha kuchumia ndiye mwenye chumba. Ukizeeka, unamwachia mwanao. Ukikirudisha kwa nyapara, umeaga.

Mwaka huu tajiri akaanza kusimamisha mahema ya watalii ng'ambo ya korongo. Mkewe alipita vyumbani, akakisifu kikapu cha Petronila, akasema kingependeza hemani. Mgeni akisifu kitu chako, utamnyima? Petronila, masikini, alikiosha, akakianika, akamkabidhi nyapara Clemensi mbele za watu ampelekee yule mama. Akarudi akiimba. Ukarimu wa namna hii unanikera na kuniliza kwa pamoja.

Jumatatu Clemensi akaja, kofia mkononi. Chumba kinatakiwa kwa wapishi wa mahema. Petronila akamkumbusha desturi.

"Mama Evarista, kikapu ulikirudisha mwenyewe. Watu waliona."

Alisema hivyo akitazama chini. Naye anaishi safu hiyohiyo.

Petronila akamwendea jirani yake, Mwalimu Silvanus, amsemee kwa tajiri kwa Kiingereza. Mwalimu alikwenda, akasema alivyoweza, akarudi na jibu lilelile. Wakaketi kizingitini. Kwa kukosa la kumfariji, akamsimulia neno kempi lilikotoka: Waingereza nao walilipokea kwa watu wa kale, mwanzo likiwa ni uwanda mtupu, baadaye mahali askari wanapopiga mahema.

Petronila alisikiliza mpaka mwisho.

"Na nyumba je, Mwalimu? Halijawahi kuwa na maana ya nyumba?"

Silvanus alitafuta moyoni, akatamani kusema uongo, akashindwa.

"Hapana, mama. Ni pa kulala, kisha watu wanaondoka."

Petronila akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kukunja godoro.