Nchi Niliyoichagua

Nikipita mahali nyasi zimetoka kukatwa, hata kama ni kando ya barabara tu, namkumbuka Anko Musyoka. Alikuwa kaka ya mama, akiishi Kibera karibu na ua wa uwanja wa gofu, na alipokuja kwetu mtaa wa Kongo, Kawangware, viatu vyake vilileta harufu hiyo hadi mlangoni. Alianza kama kedi, akiwabebea wenye pesa mifuko yao ya fimbo. Baadaye akajifunza kucheza mwenyewe, na nilipokuwa darasa la nne akafuzu kuingia shindano kubwa, lile linaloleta wachezaji kutoka ng'ambo.

Ploti yetu ya wapangaji ilikuwa na mchezo wake. Shindano hilo likikaribia, kila mtu alitabiri mshindi atatoka nchi gani, na aliyepatia alipikiwa chapati na wengine. Wachezaji hatukuwajua majina. Tulijua nchi tu. Baba alichagua Afrika Kusini. Mama Nafula, jirani yetu mwenye televisheni, alichagua Uhispania kwa sababu bendera yake ilifanana na vitambaa vya makochi yake. Mimi nikasema Kenya. Watu wakacheka, si kwa ubaya.

"Si Anko anacheza?" nikauliza.

"Anacheza, ndio," Baba akasema. "Lakini hapa tunatabiri, hatuombi."

Anko alipofika jioni hiyo nilimkimbilia, nikijua ataniunga mkono. "Anko, wewe unasema nchi gani itashinda?"

Akapuliza chai yake, akafikiria kwelikweli. "Afrika Kusini. Wako na vijana wanapiga mpira mbali sana."

Nilishangaa, kisha nikaumia. Mbona mtu aende kwenye shindano ambalo ameshasema atashindwa? Nilimwuliza mama, naye akaniambia nimwulize mwenyewe. Sikuthubutu.

Alicheza Alhamisi na Ijumaa. Jioni ya Ijumaa walio nyuma huondolewa, naye akaondolewa. Nilidhani atajifungia nyumbani. Kumbe Jumamosi alivaa viatu vyake akarudi uwanjani, kutazama kama mtu mwingine yeyote.

Jumapili baada ya kanisa alikuja, tukabanana kwa Mama Nafula. Anko alitueleza kwa nini mchezaji mmoja alichuchumaa kuusoma mteremko, na kwa nini mwingine aliungoja upepo utulie. Mpira wa mwisho ulipotumbukia, akajipiga paja kwa raha. Mshindi alitoka Denmark. Ploti nzima hakuna aliyeitaja. Mama Nafula akaamua wote tupike na wote tule, nami nikaleta atlasi ya shule tuitafute hiyo Denmark. Ilikuwa ndogo, kidole changu kiliifunika.

Hapo ndipo nilipopata ujasiri. "Sasa Anko, wewe ulienda kufanya nini?"

"Kucheza," akasema, akinitazama kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu.

Kwa miaka mingi niliamini alikuwa amekata tamaa hata kabla ya kuanza. Nilikuja kumwelewa ukubwani, nilipoitwa kwenye usaili wa kazi niliyoitamani sana. Waliokuwa wakingoja walikuwa wamenizidi masomo na uzoefu, na kama ningeambiwa nitabiri, nisingejitaja. Karani akaniuliza kama nilijua tulivyokuwa wengi.

"Najua," nikamwambia, nikaketi kungoja zamu yangu.