Marehemu Alikuwa Mgomvi

Kwa miaka kadhaa sasa nasimulia mauaji ya zamani redioni. Kipindi kinarushwa Jumamosi alasiri kutoka Singida Mjini, na wasikilizaji wangu wengi ni watu wenye kazi mikononi: wanaochambua mchele, mafundi cherehani, vinyozi na wateja wao. Natafuta hukumu za zamani, nasoma, naenda kijijini kama bado kuna anayekumbuka, kisha naandika. Watu huniuliza kama sioti ndoto mbaya. Sioti. Kesi nyingi za kuua zinafanana: pombe, mpaka wa shamba, mke, ng'ombe. Kazi yangu ni kuyapanga mambo yafuatane, msikilizaji asihamie kwenye mpira.

Kesi moja ilikuwa ya mrina asali aliyeuawa kwa shoka, chini ya mlima wa Kilimatinde, muda mfupi baada ya watu kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Uhamisho ule uliwaweka mlango kwa mlango watu waliokuwa wamezoea kusalimiana kwa mbali. Nyumba ya mrina asali ikatazamana na ya mwanamume mwingine aliyetundika mizinga katika pori lile lile. Wakaanza kutuhumiana wizi wa asali. Asubuhi moja walikutana porini. Mmoja alirudi peke yake, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, akaweka shoka mlangoni na kukaa chini.

Hukumu haikuwa ndefu. Mshtakiwa alijitetea kwamba marehemu alikuwa mgomvi, na kwamba siku ile ndiye aliyeanza kumtishia. Mashahidi wa kijijini walimuunga mkono: marehemu alikuwa mtu wa hasira, akibishana na mtu alikuwa anapiga mguu chini na kukunja ngumi. Jaji aliandika kwamba anakubali marehemu alikuwa mgomvi, ila ugomvi wake haukutosha kuhalalisha shoka. Adhabu ilikuwa kunyongwa hadi kufa.

Niliigawa sehemu mbili. Ya kwanza niliisoma kama ilivyoandikwa, pamoja na huo ugomvi, nikaishia pale wawili hao wanapoonana porini. Jumatatu yake mwanamke alipiga simu studio akaomba kuongea na mimi.

"Wewe ndiye uliyesema baba yangu alikuwa mgomvi?"

Nilimjibu kwamba ndivyo mahakama ilivyosema.

"Mahakama ilimjua wapi?" Hakupandisha sauti. "Njoo huku kabla hujaendelea. Na huyo aliyemuua, kama unataka kumuuliza, naye yupo."

Nilikuwa nimeshaandika kwamba alinyongwa. Nilikuwa na adhabu mkononi, sikuwa na taarifa kwamba ilitekelezwa. Ni vitu viwili tofauti, na mtu wa kazi hii anapaswa kuvitofautisha.

Nikapanda basi hadi Manyoni, halafu bodaboda. Mwanamke yule nilimkuta uani anapepeta alizeti. Alikuwa amenizidi umri kwa mbali, nikamwamkia. Akaitikia, akanipa kigoda, akaendelea kupepeta kama mtu anayemsubiri mgeni aanze mwenyewe. Nikamuuliza baba yake alikuwa mtu wa namna gani.

"Alikuwa na kigugumizi," akasema.

Nikangoja.

"Kigugumizi kikali, mdogo wangu. Neno likimkwama alikuwa anapiga mguu chini ili litoke. Anakunja ngumi hivi, mishipa inamtoka shingoni. Sisi nyumbani tulikuwa tunasubiri tu, likitoka anacheka. Huku tulipohamishiwa watu hawakumjua. Walimwona mtu anatetemeka mbele yao, wakasema huyu ana hasira."

"Hilo halikusemwa mahakamani?"

"Nani angelisema? Mama hakuitwa. Mimi nilikuwa mtoto."

Niliandika. Nakumbuka nilifurahi, furaha ya kikazi, kwa sababu sehemu ya pili ilikuwa imepata kitu. Nikamuuliza kuhusu yule mwingine. Akasema adhabu yake ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akakaa gerezani hadi nywele zikawa nyeupe, kisha akatoka kwa msamaha. Alirudi kijijini kwa sababu hakuwa na pengine pa kurudi. Mke alishaolewa Itigi, ndugu wamekufa.

Akaingia jikoni, akatoka na bakuli lililofunikwa sahani. "Twende basi. Ndio saa yake ya kula."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Chakula hicho ni chake?"

"Ni chake."

Njiani nilimuuliza kama alimsamehe. Nimeuliza swali hilo kwa watu wengi, na wengi hujibu kwa maneno ya kanisani au msikitini. Yeye alifikiri kwanza.

"Sijui kama nimemsamehe. Mama ndiye aliyeanza kumpelekea, mwaka ule wa njaa. Mama alipofariki nikaona nikiacha atakufa, na nyumba yake iko njiani ninapokwenda kuchota maji. Nitapitaje hapo kila siku?"

Mzee alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba yake, mwembamba, macho yana ukungu. Kabla sijapanga nitaanzaje, mdomo ulishasema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za utokako?"

Zilikuwa nzuri. Mwanamke alimwekea bakuli mapajani, akamnawisha, akamwambia mgeni ni wa redio na anataka habari za baba. Akasema "baba" tu, na mzee akaelewa ni baba yupi. Alimega ugali wa uwele, akachovya kwenye mlenda, akala polepole. Hakuna aliyemharakisha.

"Unataka nikwambie nini ambacho jaji hakuandika?" akauliza hatimaye.

Nikamuuliza kama alijua marehemu alikuwa na kigugumizi.

"Wakati ule sikujua. Nilijua gerezani. Nilifungwa pamoja na kijana mmoja mwenye kigugumizi. Siku ya kwanza niliyomwona amekwama, anapiga mguu chini, nilijua." Akatafuta bakuli kwa vidole. "Yule bwana siku ile hakunitishia. Mahakamani nilisema alinitishia kwa sababu ndivyo nilivyoona. Alikuwa anataka kusema kitu. Alianza 'ma, ma, ma', akakunja ngumi, akapiga mguu. Mimi sikungoja."

"Alitaka kusema nini?"

"Nitajuaje? Labda maji. Labda jina la mtu. Labda alikuwa ananitukana kweli."

Nilimtazama mwanamke. Nilitarajia alie, au aondoke. Alikuwa anatazama bakuli kuona kama limekwisha. Baadaye nilielewa kwamba habari hizo alikuwa amezisikia zamani, kwamba mzee alimwambia mama yake mwaka ule ule wa njaa, aliporudi, na mama alikaa siku kadhaa bila kupeleka chakula, halafu akapeleka. Mgeni nilikuwa mimi peke yangu.

Wakati wa kuaga nilimwomba mwanamke ruhusa ya kuyasema hayo yote redioni.

"Kigugumizi sema. Ya mzee kula kwangu usiseme, watu watakuja kututazama."

Kwa hiyo redioni sikusema. Hapa nimesema kwa sababu mzee ameshafariki, na mwanamke mwenyewe alipoulizwa tena alisema sasa haina shida, mradi nisitaje mtu.

Sehemu ya pili niliiandika upya. Nilianza na mtu anayekwama kwenye neno nyumbani kwake, watoto wakisubiri, na kicheko baada ya neno kutoka. Mkuu wangu wa vipindi alisema imepoa, wasikilizaji walikuwa wanasubiri shoka na kitanzi. Nikamwambia shoka lipo. Kitanzi hakikuwepo. Ikarushwa hivyo. Msikilizaji mmoja wa Kiomboi alipiga simu kusema mdogo wake naye ana kigugumizi, na polisi walishamshika kwa kudhani anawafanyia jeuri. Wengine walilalamika kwamba muuaji hakunyongwa. Wiki iliyofuata nilisimulia kesi ya mfanyabiashara wa ng'ombe, na simu zikawa za ng'ombe.

Mwanamke hakusikia kipindi. Alikuwa shambani, majirani wakamsimulia. Mzee alifariki mwanzoni mwa mvua. Nilipata ujumbe mfupi: "Tumemzika jana. Kaburi walichimba vijana wa kwetu." Nilikuwa Mkalama kwa kazi nyingine, nikajibu pole.

Tulikutana tena stendi ya Singida, yeye amekuja kumwona mjukuu hospitali. Tulikunywa chai. Alinieleza habari za homa ya mtoto na za alizeti iliyoliwa na ndege. Nilitaka kumuuliza kama bado anapita njia ile akienda kuchota maji, lakini basi lake likaanza kuita abiria wa Manyoni, na nikambebea mfuko hadi mlangoni.