Fundi Cherehani na Kona Arobaini na Moja

Fundi cherehani alikuwa na miaka hamsini na miwili alipopanda baiskeli kwa mara ya kwanza maishani, na waliomwona siku hiyo mpaka leo wakikumbuka wanashika mbavu. Alianguka kulia, akaanguka kushoto, kisha akaanguka akiwa bado hajapanda. Wifi yake, aliyekuja kumshikia kiti kwa nyuma, alicheka mpaka akamwachia. Fundi akanyanyuka, akajipangusa vumbi la uwanja wa shule, akamwambia wifi yake acheke haraka haraka amalize, maana kazi bado ilikuwa nyingi.

Huyo ndiye fundi. Chumba chake cha mbele kina cherehani moja karibu na dirisha, meza ya kukatia iliyojaa alama za chaki, na nguo za watu zimening'inia mpaka huoni ukuta. Ukimletea suruali Ijumaa ukasema unaitaka Jumamosi, atakutazama juu ya miwani mpaka useme mwenyewe Jumanne. Ni mfupi, ana maneno machache, na akishaamua jambo ni heri ukabishane na ukuta.

Mwenye jina kubwa alikuwa mumewe. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa kiongozi wa wageni katika hifadhi ya milima inayoonekana kutoka mlangoni kwao, wale wageni wanaokuja na baiskeli zilizofungwa mabegi pande zote, wakapanda siku mbili tatu kwenye changarawe na mawe mpaka pale njia inapokata kati ya vilele viwili. Toka getini hadi huko juu kuna kona arobaini na moja, naye alizijua zote kwa namba: ipi inabana, ipi ina mchanga, ipi upepo unakuvamia ubavuni. Wenzake wakambatiza Kona, na jina likamganda.

Kisha presha ya macho ikamwingia. Haikuja kwa kishindo. Ilimnyang'anya pembeni kwanza, halafu katikati, na mwaka aliotimiza hamsini na saba akawa hatofautishi dirisha na ukuta. Akakaa. Akawa mtu wa kiti kimoja na redio moja. Ofisi ya hifadhi ilimtumia ujumbe mara mbili kwamba aje awafundishe viongozi wapya, kwa sababu hakuna anayeijua njia ile kama yeye. Mara zote mbili alijibu kwamba asiyeona hawezi kumwonyesha mtu njia, wasimwonee huruma. Fundi aliyasikia majibu hayo akiwa anashona, nayo yalimuuma. Alimpenda mtu yule, na mtu yule alikuwa anaisha huku anamtazama.

Siku alipokwenda stoo ya hifadhi kuchukua buti za mumewe zilizobaki huko, ndipo alipoiona: baiskeli ya watu wawili, ndefu, imeegemezwa ukutani, rimu ya nyuma imepinda. Wageni fulani waliiacha na hawakuirudia. Akauliza inavyofanya kazi. Wakamweleza kwamba wa mbele ndiye anayeshika usukani na breki, wa nyuma anakanyaga tu, na mnyororo umeunganisha pedali zote, hivyo mmoja akisita na mwenzake anasita. Fundi akaizunguka mara mbili kama anakagua koti la mteja msumbufu, halafu akaomba apewe. Wakampa, na rimu wakamnyooshea.

Kujifunza kulimla miezi mitano ya asubuhi za Jumapili. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kutafuta vitambaa. Kona hakuwa na macho lakini pua alikuwa nayo. Mke gani anakwenda kutafuta vitambaa anarudi ananuka dawa ya kuchua? Akasubiri. Siku fundi alipomshika mkono akampeleka mpaka kwenye baiskeli, aliipapasa yote toka nyuma hadi mbele, kisha akauliza nani atakaa mbele. Akaambiwa. Mwishowe akakubali kwa sharti: watapanda mara moja tu. Wakishindwa kufika juu, baiskeli irudi stoo na mlima usitajwe tena ndani ya nyumba ile. Fundi akakubali.

Basi wakaondoka, mabegi manne kwenye keria, chakula cha siku tatu, na suruali mbili ambazo fundi alizishona mwenyewe na kuziwekea makalio ya vitambaa viwili. Siku ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko walivyotegemea. Walilala kwenye kibanda cha walinzi, miguu inawaka moto. Tatizo lilikuwa mdomo wa Kona. Walikuwa wamekubaliana kwamba wa mbele ndiye anayesema: kulia, kushoto, jiwe, kanyaga. Lakini kila kona mzee alikuwa ameshaitaja kabla mkewe hajafungua mdomo. Kumi na nane, kushoto, ina mchanga. Kumi na tisa, kulia, pitia nje. Na alikuwa anapatia, jamani, anapatia mpaka anaudhi. Tena alianza kulalia upande wa kona kabla haijafika, na baiskeli ikamfuata, fundi huko mbele anapigana na usukani.

Sasa, mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimeporomosha mlima kwenye ile kona ya ishirini na sita, na barabara ikachongwa upya pembeni. Kona aliambiwa, tena zaidi ya mara moja, ila kichwani mwake barabara ilibaki ile ile. Asubuhi ya siku ya pili walipofika hapo akataja: ishirini na sita, kulia, inabana. Akalala kulia kwa uzito wake wote. Barabara ilikuwa inakwenda kushoto.

Waliangukia kwenye rundo la udongo ulioporomoka, na walikuwa na bahati, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na korongo tupu. Fundi alichubuka kiwiko. Begi moja likapasuka, viazi vikatawanyika. Kona alibaki amekaa pale pale alipoangukia, udongo kwenye nywele, akasema kwa sauti ya chini kwamba warudi.

"Nimekuwa mzigo, mama watoto," akasema. "Nimezidi hata mabegi."

 Fundi alitoa sindano na uzi, akalivuta begi mapajani, akaanza kulishona. Alikuwa anaogopa, hilo lisemwe wazi. Tangu kona ya kumi alikuwa anaogopa na hakumwambia mtu. Alifika nusu ya mpasuko ndipo akaongea, bila kuinua macho.

"Baba watoto, miaka ishirini na miwili unapanda huku, mimi niko nyumbani. Ukishatoka mlangoni, basi, kwangu ni giza. Sijui uko kona ya ngapi, sijui umeanguka, sijui mvua imekukuta wapi. Sioni kitu. Nilikuwa nashona tu, nakuamini." Akakata uzi kwa meno. "Sasa ni zamu yako."

 Kona akaanza kupapasa udongo kuzunguka miguu yake, akiokota viazi kimoja kimoja, na alipomkabidhi mkewe cha mwisho akauliza baiskeli iko upande gani.

Kuanzia hapo hakutaja namba tena. Haikuwa rahisi, fundi alimsikia nyuma akianza "thela..." na kujikohoza. Aliyesema sasa ni fundi. Kushoto. Kanyaga. Jiwe. Legeza. Na mzito yule nyuma yake akatulia, akakanyaga alipoambiwa akanyage, akalala alipoambiwa alale, mpaka baiskeli ikawa nyepesi mikononi. Mara sita walishuka wakaisukuma, na hakuna aibu yoyote, wageni wenye mapaja ya chuma nao huisukuma pale pale. Mwanamke aliyekuwa haijui pedali mwaka mmoja nyuma alimpandisha mumewe mlima ule kona kwa kona, na anayeona hilo ni jambo dogo na ajaribu.

Walifika juu saa nane mchana. Kona akashusha mguu, akavua kofia, upepo ukampiga usoni, akauliza swali ambalo fundi alilingoja kwa miezi mitano: anaona nini?

Angeweza kumdanganya. Alizijua picha ambazo wageni walikuwa wakimtumia mumewe, angetunga kitu kikakubalika. Lakini fundi huyu hajawahi kumwambia mteja kwamba nguo imemkaa wakati haijamkaa.

"Ukungu," akasema. "Sioni kitu."

Kona akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia kiti asianguke, kicheko ambacho mkewe hakukisikia kwa miaka miwili, na machozi yakamtoka fundi hapo hapo wala hakuyafuta. Mzee akashuka, akaenda hatua tatu mpaka buti likagusa mwamba alioujua, akageuza uso kuutafuta upepo, akainua mkono. Pale chini, akasema, kuna ziwa dogo. Juu yake kilele chenye ufa. Huku kulia msitu, na ukitulia utasikia maji. Alieleza polepole, kama alivyokuwa akiwaeleza wageni, na mkewe akaufuata mkono ule kila ulipokwenda ndani ya weupe. Mamia ya wageni waliletwa hapa. Yeye alikuwa hajaletwa hata siku moja.

Kisha ukungu ukaachia upenyo, muda wa kutunga uzi kwenye sindano, na ziwa likaonekana. Fundi akalitazama ziwa, akautazama mkono wa mumewe. Akamshika kifundo cha mkono, akausogeza kushoto kiasi cha upana wa kiganja.

"Hapo," akasema. "Sasa umepata."

Kona hakuushusha mkono.

"Wale viongozi wapya," akasema. "Tutawaleta siku gani?"

Fundi akamwambia labda Jumamosi, ila asizoee, kuna nguo za watu zinamsubiri.