Pedi za Breki na Jiwe la Bibi Tupokigwe

Wenzangu, nichekeni taratibu, maana aibu yenyewe bado mbichi. Mimi ni fundi wa gereji hapa Msasani, Tukuyu, na ndoto yangu ni kusafiri na gari la mashindano. Juzi Kaka Ambakisye, dereva wa mbio, aliniletea gari lake akasema, "Breki zikishika sawasawa, Jumamosi tunaondoka wote kwenda mashindanoni."

Pedi zilikuwa zinagusa diski upande mmoja tu. Nikazifungua, nikazisugua kwenye jiwe la mlangoni ili zinyooke. Akajaribu gari mteremkoni, nikafungua tena. Sasa zinang'aa katikati tu, ndipo panapogusa diski. Nikasugua zaidi, zikazidi.

"Ni spea, kaka," nikamwambia kitaalamu. "Tangu serikali iruhusu kila mtu kuleta bidhaa kutoka nje, za bandia zimejaa." Akaniamini, akanunua nyingine. Nazo nikazisugua kwanza, kwa upendo.

Zilipogoma vilevile, nikaanza kuwasema vibaya wenye viwanda. Hapo akaja jirani yetu, Bibi Tupokigwe, na panga lake la migombani.

"Nipishe, mjukuu wangu. Hilo jiwe ndilo ninalonolea panga tangu nilipoolewa."

Akamimina maji juu ya jiwe. Hayakutiririka. Yalitulia katikati, kama mchuzi kwenye bakuli.

Kaka Ambakisye akayatazama maji, kisha akazitazama pedi zangu zenye vitambi katikati, saizi ya shimo lile lile.

"Kaweke msasa juu ya kioo kilichonyooka, usugue upya," akasema, akijizuia kucheka. "Na Jumamosi usije na jiwe."